Shika, Subira

Nawaonea wivu, vijana. Nalisema hili mapema ili msihangaike kulitafuta huko mbele. Nimeendesha boza la maji kutoka bondeni hadi Newala kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, magoti yangu yote mawili yamebaki kule mlimani, na sasa namwona mtoto aliyepata leseni juzi anasimamisha gari katikati ya mwinuko, anatoa mguu kwenye breki, anafungua chupa ya maji, anakunywa. Gari limetulia kama limefungwa kamba. Anakunywa maji! Mimi mlima ule nilikuwa naupanda hata mate simezi.

Binti yangu Rehema ndiye aliyenionyesha. Tulikuwa tunatoka Masasi, nimemwomba usukani, mama yake amekaa kiti cha nyuma na kapu lake la mboga. Tulipofika kwenye mwinuko mbuzi wakajaa barabarani. Nikakanyaga breki, gari likasimama.

"Baba, toa mguu," Rehema akasema.

"Nitoe mguu hapa?"

"Toa tu."

Niliutoa polepole, kama mtu anayeondoa mkono chini ya kichwa cha mtoto aliyelala. Gari halikurudi nyuma hata upana wa kucha. Kwenye dashibodi iliwaka taa ndogo ya kijani yenye neno la Kizungu.

"Hilo neno linasemaje?"

"Linasema: shika."

Kule nyuma mke wangu akacheka, kicheko kifupi cha puani. Nakijua kicheko kile na nitawaeleza kilikotoka. Lakini kwanza nilitaka kujua hicho kidude kinafanyaje kazi, maana mtu aliyeibiwa humchunguza mwizi wake. Nilimhoji fundi mmoja kijana wa pale Masasi mpaka akaanza kujificha akiniona.

Alichonieleza ni hiki. Ukikanyaga breki unasukuma mafuta ya breki kwenye vibomba, nayo yanabana magurudumu. Hilo ni lile lile la tangu zamani. Ukitoa mguu, mafuta yanarudi, magurudumu yanaachiwa. Sasa gari zenu hizi, zikishasimama kabisa, vinasa vilivyoko kwenye magurudumu vinaipa kompyuta habari kwamba hakuna kinachozunguka. Kompyuta inafunga vali ndogo, na yale mafuta yanafungiwa huko huko, yanaendelea kubana. Mguu wako uko huru. Ukikanyaga eksileta ili uondoke, kompyuta haiachii hapo hapo. Inangoja mpaka injini ipate nguvu ya kulibeba gari, ndipo inafungua vali. Hakuna zaidi ya hapo. Kushika mtu yeyote anaweza. Kazi iko kwenye kujua saa ya kuachia.

Na kwa kuwa wivu haunizuii kuwapenda, pokeeni hili pia. Kitufe kile si cha kuegeshea. Ukitaka kushuka, weka kwanza breki ya kuegeshea. Ni kweli magari mengi, ukifungua mkanda au mlango, hujiwekea breki ya kuegeshea yenyewe. Lakini si yote, na mlima haukuulizi gari lako ni la aina gani. Gari likivutwa kwa kamba, kizime. Wakitaka kulisukuma kwa mikono, kizime. Mashine inayoshika bila kuulizwa inaweza kushika siku usiyotaka.

Mimi kushika na kuachia nilifundishwa kwa mabibo. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kalembo, dereva wa malori ya korosho, mtu mfupi aliyekaa juu ya mto wa sufi ili aone barabara. Alikuwa anasimamisha lori mlimani, anashuka, anaokota bibo chini ya mkorosho, anaiondoa korosho yake, halafu bibo lenyewe analiweka nyuma ya tairi.

"Huyu ni mtoto wangu," alisema. "Ukimkanyaga, unamla."

Nilikula mabibo yenye mchanga msimu mzima. Mnajua bibo linavyokunja ulimi. Jioni nilikuwa siwezi hata kumjibu mama yangu vizuri. Ugumu wa kuondoka mlimani ni huu: mguu wa kushoto uko kwenye klachi, na wa kulia unatakiwa kwenye breki na kwenye eksileta kwa wakati mmoja. Mguu mmoja, nyumba mbili. Ukiutoa kwenye breki kuupeleka kwenye eksileta, katikati hapo gari halina mwenyewe, linarudi. Breki ya mkono ndiyo inayokaa na gari wakati mguu uko safarini. Unaivuta, unakanyaga eksileta, unapandisha klachi taratibu huku umetega sikio. Sauti ya injini ikishuka na boneti ikainua pua kidogo, klachi imeuma. Hapo ndipo unaachia mkono, na bibo linabaki zima.

Kisha nikapewa boza la serikali, na elimu yote ya mabibo ikawa haitoshi. Breki yake ya mkono ilikuwa imechoka, haishiki mpaka uivute kwa mikono miwili, nami mkono mmoja ulikuwa wa usukani. Tena maji si magunia ya korosho. Gari linasimama, maji bado yanakwenda. Yanagonga mbele, yanarudi, yanakupiga mgongoni kama mtu anayekudai njia. Boza lililojaa kabisa lina nafuu, maana maji hayana pa kuchezea. Boza nusu ni la kuogopa.

Utingo wangu alikuwa Chikawe, mtu mzima mwenye wajukuu. Kazi yake mlimani ilikuwa kuruka na gogo na kulitia nyuma ya tairi. Gogo lenyewe alilichonga kwa mpingo, akalitia na uso, pua bapa na midomo iliyobinuka, akaliita Mama Mkwe, kwa sababu, alisema, kwa huyu hapiti mtu.

Na alikuwepo Subira.

Subira alikuwa anauza chai na maandazi kule bondeni tulikojaza maji. Kwao ni Newala, kwa hiyo alasiri alipanda na boza lolote lililokuwa linaondoka. Siku ya kwanza alipanda na langu, tukasimamishwa kwenye kona, akaniona ninavyopigana na ile breki kwa mkono mmoja. Hakuuliza. Aliweka birika chini, akaishika kwa mikono miwili, akaivuta mpaka kanga ikamwanguka begani.

"Shika hivyo hivyo!" nikamwambia.

"Nimeshika."

Injini iliposhusha sauti nikapiga kelele, "Achia!" Akaachia. Tukapanda bila kurudi nyuma hata kidogo. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo lugha yetu. Shika. Nimeshika. Achia. Wapenzi wengine waliandikiana barua. Sisi tulikuwa na maneno matatu, na katikati yake injini inanguruma. Halafu ikafika siku nikafungua mdomo kusema "achia" nikakuta ameshaachia. Alikuwa amejifunza kuisikia injini mwenyewe. Nilimtazama, naye anatazama barabara, jasho linamshuka shingoni, nikajua nimekwisha. Wiki ile ile nikaenda kwa mjomba wangu, maana kwetu bila mjomba hakuna posa, nikamwomba akaniombee.

Sasa ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kila mtu anauza, kila mtu ananunua, wafanyabiashara binafsi wanapanda hadi vijijini kutafuta korosho, na malori yaliyotumika Japani yanashushwa bandarini yakiwa na maandishi ya kwao milangoni. Mfanyabiashara mmoja wa Masasi akanunua lori la namna hiyo, akalitia tangi juu, akaanza kuuza maji Newala. Dereva wake alikuwa Barnaba, Mmakua wa Chiungutwa, kijana wa kanisani mwenye sauti ya kwaya. Nilikionea wivu kila alichokuwa nacho. Lori lake lilikuwa la buluu, langu lilikuwa rangi ya kutu. Viti vyake vilikuwa na sponji, mimi nilikalia gunia. Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba hakuwa na utingo. Alisimama mlimani peke yake, na lori halirudi nyuma. Watu wakasema ana dawa. Wengine wakasema ni mguu wake tu, Mungu kampa mguu. Hilo la mguu liliniuma zaidi ya dawa.

Siku moja nilikuwa gereji Masasi, nimelala chini ya boza langu nakaza boliti. Barnaba akaja na lake, akasimama karibu na kichwa changu akiongea na dereva mwenzake. Nilikuwa naona viatu tu.

"Na kile kilima cha Newala unakifanyaje peke yako?" viatu vya yule mwenzake viliuliza.

"Mimi sina shida na kilima, ndugu yangu. Nina Subira."

Spana ikanitulia mkononi.

"Subira?"

"Subira. Nikifika kwenye kona ananishikia. Mimi nakunja miguu nakula karanga."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipolichukua gari. Hata bosi hajui kama yumo."

"Na yule Mmakonde wa boza la serikali?"

"Hassani? Maskini, anahangaika na babu yake na gogo. Hajui raha ya Subira."

Wakacheka. Tone la oili likanidondokea sikioni, sikulifuta.

Vijana, kama angekuwa ameninenea ubaya mwingine wowote ningevumilia. Lakini kushika! Lile neno lilikuwa letu. Nilimwona Subira ndani ya lile lori la buluu, kwenye kiti cha sponji, mikono yake miwili kwenye breki ya mtu mwingine, anasikiliza injini ya mtu mwingine, anaachia kabla hajaambiwa.

Jioni nikaenda kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona sura kama umekula bibo?"

"Rudisha maneno. Ile posa siitaki tena."

"Kesho ndiyo wazee wanakaa kutujibu. Kuna nini? Umeona, au umesikia?"

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Ungesikia kwa masikio ya nani mengine?" Akajifunika shuka lake. "Nenda kalete maji. Watu wana kiu."

Kesho yake nikashuka bondeni. Mahali pa Subira palikuwa patupu, mafiga yamepoa. Nikamwuliza mtu wa pampu, "Subira yuko wapi?"

"Leo sijamwona," akasema. "Barnaba ndiye ametoka sasa hivi."

Yalikuwa maneno mawili yasiyojuana. Mwenye wivu hutembea na kamba yake mwenyewe, nikayafunga pamoja. Nilifunga mpira wa maji boza likiwa nusu.

"Hassani, halijajaa!" Chikawe alipiga kelele.

"Panda!"

Nilipanda mlima ule kama nafukuzwa, maji yananipiga mgongoni kila kona. Nikamkuta Barnaba amesimama kwenye mwinuko mkali, anapisha lori la korosho linaloshuka. Nikasimama nyuma yake. Chikawe akaruka, akamtia Mama Mkwe kwenye tairi. Nikaivuta breki ya mkono nilivyoweza, nikashuka. Chikawe alipoona nakwenda nimekunja ngumi akanifuata, kwa sababu ugomvi hautazamwi kwa mbali.

Nikapanda ngazi ya lori la buluu. Barnaba alikuwa amekunja miguu yote miwili kitini, kweli kabisa, anamenya karanga za kuchemsha.

"Subira yuko wapi?"

"Siku hizi Wamakonde hamsalimii?"

"Nakuuliza, Subira yuko wapi!"

"Yupo. Si unaona gari limesimama?"

"Mtoe nje!"

"Nikimtoa tutarudi wote hadi bondeni, na wewe ndiye uliye nyuma yangu."

Nikaingiza kichwa ndani. Kulikuwa na gunia la mihogo na koti la mvua. Nikalinyanyua koti. Barnaba akaacha kutafuna.

"Unatafuta nini, Mmakonde?"

"Subira!"

"Si huyu hapa." Akagusa swichi ndogo kando ya usukani, yenye maandishi ya Kijapani. "Mimi hii sijui kusoma. Nimeona tu kazi yake ni kungoja, nikaiita subira. Ukisimama, breki na klachi zote umekanyaga, kuna vali inaufungia upepo wa breki huko chini. Unatoa mguu wa breki, inashika. Ukipata gia ukapandisha klachi mpaka iume, inaachia yenyewe. Ukitaka kukaa sana unatoa gia unavuta na breki ya mkono, kama mimi sasa. Wewe ulifikiri..."

Akanitazama. Akalitazama koti mkononi mwangu. Kisha akaanza kucheka, karanga zikamwagika.

"Mmakonde! Unaionea wivu swichi!"

Nilikuwa bado nimeshika koti niliposikia nyuma yangu sauti ya maji. Boza nusu, niliwaambia. Maji yalikwenda mbele, yakarudi, yakalisukuma boza kidogo, yakaenda, yakarudi. Na mpingo ukishatumika sana unakuwa laini kama sahani. Mama Mkwe alichomoka chini ya tairi, uso wake ukitazama mbinguni, na boza langu likaanza kurudi nyuma, taratibu, halina haraka na mtu. Lilikwenda likaegemea ukingo wa udongo, likainama ubavu, mfuniko wa juu ukafunguka, maji ya Newala yakatelemka barabarani.

"Mama Mkwe kaachia!" Chikawe akalia, mikono kichwani.

Ninyi mliokua na bomba uani hamwezi kuijua huzuni ile. Mji ulikuwa unapanga ndoo tangu alfajiri. Mashambani wakasikia. Wanawake wakatoka kwenye mikorosho na ndoo, sufuria, beseni la kuogeshea mtoto, wakakinga chini ya ule mfuniko huku wananibariki na kunitukana kwa pumzi moja. Habari ikapanda mjini kabla ya gari lolote. Ikafika mpaka kwenye mkeka ambapo mjomba wangu, ambaye hakurudisha neno lolote, alikuwa amekaa na wazee wa Subira. Ndiyo maana Subira hakushuka bondeni siku ile. Msichana anayezungumziwa hukaa nyumbani, siku hiyo huenda akaitwa aulizwe. Mimi ndiye niliyeileta siku hiyo, nami ndiye niliyeisahau.

Alikuja kwenye baiskeli ya kaka yake, na ndoo. Watu wakampisha. Akalizunguka boza lote, akatazama ndani.

"Nani alikuwa ameshika breki?"

Chikawe akainama kumwokota Mama Mkwe.

"Nauliza, Hassani. Nani alikuwa ameshika?"

"Hakuna."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Barnaba hakunipa nafasi. "Alikuwa kwangu, dada. Anakutafuta wewe chini ya koti langu la mvua."

Wanawake wakapiga vigelegele vya dhihaka. Posa yangu ilining'inia pale kama boza lenyewe, imeegemea udongo, na mtu mmoja tu angeweza kuiinua. Subira alikwenda akakinga ndoo yake kwenye michirizi ya mwisho, akangoja mpaka ikajaa, akaitwika mwenyewe.

"Wazee wananingoja niwajibu," akasema. "Nitawaambia nimekubali. Huyu akiachwa peke yake mlimani ataua watu."

Mngefikiri wivu uliishia hapo. Mwezi haukuisha, Barnaba akamwita mchora vibao, akaandikiwa neno juu ya kioo cha mbele, kwa rangi nyeupe: SUBIRA. Likaandikwa na nyuma ya tangi. Nikaishi miaka nikipanda mlima nyuma ya jina la mke wangu.

"Ni ile ya kusubiri, Mmakonde," alikuwa ananiambia, mkono kifuani. "Subira yavuta heri."

Huenda. Lakini madereva wenzake waliandika methali nzima. Yeye aliandika neno moja.

Lori lile lilikufa, Barnaba amezeeka huko Chiungutwa, na mimi nimeketi kwenye gari la binti yangu, mbuzi hawaishi, taa ya kijani inasema shika.

"Mama Rehema," nikasema bila kugeuka, "unacheka nini?"

"Nacheka hilo neno."

"Lile la Barnaba lilikuwa la herufi ndogo, la kusubiri, au herufi kubwa, la mtu?"

Nilishamwuliza zamani. Nilikuwa sijaridhika.

"Zote zilikuwa kubwa, Baba Rehema. Umekaa nyuma yake miaka yote ile, hukusoma?"

Rehema alitutazama kwenye kioo, hakuelewa. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekwenda wenyewe kutafuta breki ya mkono. Haikuwepo, pana kitufe tu, kidogo kama punje ya hindi. Mbuzi wa mwisho akavuka. Rehema akafungua mdomo kunielekeza, lakini mama yake alimtangulia, kama kawaida yake.

"Achia," alisema kule nyuma.

Sijui kama alikuwa analisema gari tu. Nikakanyaga eksileta. Gari likangoja kidogo, likasikia injini yake, likaachia.

Mimi bado nimeshika.